Tathmini ya pg_upgrade: zana nzuri ya kupandisha toleo la PostgreSQL, mradi ruhusa za faili uzikague mwenyewe

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipandisha seva za PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, kutoka toleo la 13 hadi la 16, zote zikiwa kwenye Linux, na kazi hiyo nimeifanya kwa pg_upgrade, zana inayokuja pamoja na PostgreSQL yenyewe. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kwa upande wa kulinda data, naiamini zana hii kuliko nyingine yoyote niliyowahi kuitumia kwa kazi kama hiyo. Kwa upande wa ruhusa za faili na saraka inakuacha ujitegemee, na chaguo lake la --check, la kukagua kabla ya kazi bila kubadilisha kitu, ambalo wengi wetu tumezoea kulichukulia kama hati ya kuanza safari, linapita kando ya makosa ambayo baadaye yatakusimamisha katikati ya njia. Nitaujadili zaidi upande huo wa pili, kwa sababu ndio uliokula muda wangu.

Kwanza maneno machache kuhusu zana yenyewe. Toleo kubwa la PostgreSQL hutoka mara moja kwa mwaka na kupewa matengenezo kwa miaka 5. La 13 lilifika mwisho wake Novemba 2025. Kati ya toleo kubwa na jingine, majedwali ya ndani ambayo mfumo hujiwekea habari zake hubadilika, kwa hiyo huwezi kuielekeza seva mpya kwenye saraka ya data ya zamani ukatarajia iwake. Njia ya jadi ni kutoa kila kitu kwa pg_dumpall na kukiingiza upya, kazi ambayo kwa hifadhidata kubwa huchukua saa nyingi. pg_upgrade hupita njia ya mkato: huhamisha maelezo ya muundo tu, yaani akaunti, majedwali, faharasa na haki za kila mmoja, kisha faili za data zenyewe huzinakili au huziunganisha jinsi zilivyo. Ilianza kwa jina la pg_migrator, ikaingizwa kama nyongeza katika toleo la 9.0 mwaka 2010, na kuanzia 9.5 ikahesabiwa miongoni mwa programu za msingi. Ile inayokuja na toleo la 15 na yanayofuata hupokea klasta yoyote (yaani hifadhidata zote za seva moja pamoja na saraka yao ya data) kuanzia 9.2, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa kwa wale waliochelewa.

Sasa tuje kwenye ruhusa. Ujumbe wa "Permission denied" ni kosa namba 13 la Linux: mchakato umejaribu kusoma, kuandika au kupita mahali ambapo herufi za r, w na x haziuruhusu. Ujumbe wa "Operation not permitted" ni kosa namba 1, na maana yake ni tofauti kabisa: jambo lililoombwa ni haki ya mwenye mali au ya root, msimamizi mkuu wa Linux, hivyo hata ukiongeza herufi za ruhusa mpaka zijae hutafika popote, kwa kuwa kinachokosekana ni umiliki. Wengi huziona kauli hizi mbili kama pacha na kukimbilia chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, kwa zote mbili. Halafu kuna kauli ya tatu, inayotolewa na PostgreSQL na wala si na mfumo wa uendeshaji, kwa mfano "permission denied for schema public". Hiyo haina uhusiano wowote na faili. Ukiona jina la skima, jedwali au kitu kingine cha hifadhidata limefuata baada ya neno "for", achana na ls (inayoorodhesha faili) na chown (inayobadilisha mwenye faili), uende ukaangalie GRANT, amri ya kutoa haki ndani ya hifadhidata.

Kikwazo cha kwanza ambacho karibu kila mgeni hukutana nacho ni chepesi. pg_upgrade hukataa kuendeshwa na root, na husema hivyo bila kuzunguka. Basi mtu huweka sudo -u postgres mbele ya amri huku bado amesimama ndani ya /root, na zana humjibu: "You must have read and write access in the current directory." Nimewaona wenzangu wakiusoma ujumbe huo kisha wakaenda kuzikagua saraka za data, ya zamani na mpya, ilhali ujumbe unazungumzia pale mtu alipokuwa amesimama alipoandika amri. Dawa yake ni kuingia kwanza kwenye saraka ambayo mtumiaji postgres anaweza kuandika, kama vile saraka yake ya nyumbani. Masharti haya yana asili yake: katika matoleo ya nyuma, faili za kumbukumbu ziliandikwa hapo hapo. Tangu toleo la 15 zinawekwa ndani ya saraka mpya ya data, chini ya pg_upgrade_output.d, lakini soketi ya muda inayotumiwa na zana kuzungumza na seva bado hutengenezwa pale uliposimama, isipokuwa ukiielekeza kwingine kwa --socketdir. Kwa hilo nawapa waandishi wake alama nzuri. Ujumbe ni wa kweli na unatokea kabla ya kitu chochote kuguswa.

Kikwazo cha pili ni saraka ya data yenyewe. Seva ya PostgreSQL haikubali kuwaka ikiwa saraka yake si mali ya mtumiaji anayeiendesha, wala ikiwa ruhusa zake ni pana kuliko 0700, yaani za mwenye mali pekee; kuanzia toleo la 11 inavumilia pia 0750, ili programu ya nakala rudufu iliyomo katika kundi moja na postgres iweze kusoma. Hapo ndipo chmod -R 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, inapokuwa kitanzi. Aliyekuwa na ruhusa finyu sasa ana ruhusa pana kupita kiasi, seva inagoma ikisema saraka "has invalid permissions", na hakuna tena kumbukumbu ya jinsi mambo yalivyokuwa asubuhi. Ufunguo wa siri wa cheti cha SSL nao una masharti yake ndani ya masharti: 0600 au pungufu ukiwa mali ya mtumiaji wa hifadhidata, 0640 au pungufu ukiwa mali ya root. Ukiunakili kwa cp ya kawaida kwenda kwenye saraka mpya, angalia umetua na ruhusa zipi. Nikiruhusiwa kutoka nje ya njia kidogo, jambo hili la faili za vyeti zisizoandikika limewahi kuwanasa hata wenye mradi: toleo la 9.4.2 la Mei 2015 liliifanya seva ipitie kila faili ya saraka ya data baada ya kuanguka ili kuhakikisha imefika diskini, na ikikuta faili isiyoweza kuiandika, mara nyingi cheti, katika baadhi ya mifumo ilikataa kuwaka. Juni mwaka huo huo 9.4.3 lilitoka kurekebisha.

Sasa nije kwenye usiku ulionifanya niandike tathmini hii.

Seva ilikuwa na diski mbili. Ya kwanza ilibeba saraka kuu ya data katika /data/13, ya pili ilibeba eneo la ziada la majedwali, lile linaloundwa kwa amri ya CREATE TABLESPACE, katika /diski2/majedwali. Tulikuwa tumefanya mazoezi kwenye seva ya majaribio iliyotengenezwa kwa pg_basebackup, zana ya kunakili klasta nzima, na mazoezi yalipita bila doa. Kwenye seva yenyewe --check ilipita pia, mstari baada ya mstari ukimalizika kwa neno "ok", na mwishoni ikaandika kwamba klasta hizi mbili zinapatana. Tukaizima seva ya zamani, tukaanza kazi. Dakika ya nne hivi, kwenye mstari wa "Restoring global objects in the new cluster", kukatokea "*failure*", pamoja na maelekezo ya kwenda kusoma mistari ya mwisho ya pg_upgrade_utility.log. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

ERROR: could not set permissions on directory "/diski2/majedwali": Operation not permitted

Mwenzangu alikuwa tayari ameanza kuandika chmod. Nilimwomba asubiri, kwa sababu kauli ilikuwa ya kosa namba 1, si namba 13. Amri ya ls -ld /diski2/majedwali ilionyesha drwxr-xr-x, mali ya root. Ndani yake kulikuwa na saraka moja tu, PG_13_202007201, nayo ilikuwa mali ya postgres kama inavyotakiwa. Seva ya zamani ilikuwa imefanya kazi hivyo kwa muda mrefu bila kulalamika, kwa kuwa haikuhitaji chochote kutoka kwa saraka ya juu zaidi ya kupita, na herufi ya x iliruhusu mtu yeyote apite. Toleo jipya, kwa upande wake, lilipaswa kuunda jirani wa saraka ile, PG_16_202307071, na kabla ya kuunda, PostgreSQL hujaribu kuziweka sawa ruhusa za saraka ya juu. Kubadilisha ruhusa za saraka ni haki ya mwenye mali. Postgres hakuwa mwenye mali.

Chanzo tulikigundua baadaye tulipofukua kumbukumbu za amri: diski ya pili ilipobadilishwa, mfumo mpya wa faili ulipachikwa moja kwa moja mahali pa ile ya zamani, nao kwa kawaida huzaliwa ukiwa mali ya root, kisha data ikarudishwa kwa cp -a iliyoishia na nyota. Nyota ile ilihamisha vya ndani pamoja na umiliki wake, ikauacha mlango wa nje ulivyokuwa. Na mazoezi hayakuweza kulibaini hilo, kwa kuwa pg_basebackup ilipotengeneza nakala iliunda saraka mpya za maeneo ya majedwali ikiwa inaendeshwa na postgres, hivyo kwenye seva ya majaribio kila kitu kilizaliwa na mwenyewe halali. Tulikuwa tumefanya mazoezi kwenye nyumba isiyo na ufa.

Marekebisho yalikuwa chown moja, bila -R, kwenye saraka moja. Baada ya hapo tulifuta saraka mpya ya data, tukaiunda tena kwa initdb, kwa sababu zana ilikuwa imeshaonya kwamba ikishindwa baada ya hatua ile haiwezi kuendelea ilipoachia. Kama kungekuwa na maeneo mawili ya majedwali, na la kwanza likawa limepita, tungelazimika pia kuifuta saraka ya PG_16 iliyobaki humo. Jaribio la pili lisingekubali kuikuta. Hilo, kwa haki, --check hulikagua, nayo hutaja njia nzima ya saraka husika.

Naisifu zana kwa sehemu moja ya mkasa huu: data ya zamani haikuguswa. Urejeshaji wa akaunti na maeneo ya majedwali hufanyika kabla ya faili yoyote ya data kunakiliwa au kuunganishwa, kwa hiyo tungeweza kuiwasha seva ya 13 dakika ile ile na kwenda kulala. Naikosoa kwa sehemu nyingine: swali la nani mwenye saraka ya kila eneo la majedwali ni swali la stat moja tu (kusoma habari za saraka), linaweza kuulizwa seva ikiwa bado inafanya kazi, na --check ina orodha ya maeneo hayo mkononi. Haliulizi.

Kasoro ya aina hiyo hiyo inajitokeza katika hali ya --link. Hali hii ndiyo inayoipa pg_upgrade sifa yake ya kasi, kwani badala ya kunakili, kila faili ya data hupewa jina la pili ndani ya saraka mpya, na hifadhidata ya ukubwa wowote hupita kwa dakika chache. Ili kujua kama viungo vya namna hiyo vinawezekana, --check hujaribu kuunganisha faili moja, PG_VERSION. Jaribio hilo linatosha kugundua kwamba saraka mbili ziko kwenye mifumo tofauti ya faili. Halitoshi kugundua kwamba jedwali fulani la kumbukumbu za kale, ambalo hakuna mtu amelisoma tangu data irejeshwe kutoka kwenye nakala rudufu, faili yake imebaki mikononi mwa root. Kernel ya Linux tangu 3.6 ina kinga inayoitwa fs.protected_hardlinks, na mifumo mingi ya sasa huiwasha. Inamkataza mtumiaji kuunganisha faili isiyo yake asiyoweza kuisoma na kuiandika. Utakachokiona ni "error while creating link for relation", jina la jedwali, na mwishoni "Operation not permitted". Ukitumia hali ya kunakili, faili hiyo hiyo itakupa "Permission denied", kwani huko tatizo ni kusoma. Ugonjwa ni mmoja, dalili mbili.

Na wakati huo utakuwa mbali zaidi safarini, kwa sababu kabla ya kuanza kuunganisha, zana huibadilisha jina faili ya global/pg_control ya klasta ya zamani kuwa pg_control.old, ili asije mtu akaziwasha seva mbili juu ya faili zilezile. Ikikwama hapo, na mradi seva mpya haijawashwa, unarudisha jina la awali na klasta ya zamani inawaka kama kawaida. Ikiwa seva mpya imeshawashwa, kurudi nyuma ni kwa nakala rudufu tu. Mwongozo rasmi unalieleza hili kwa ufasaha, na ningemsihi yeyote anayetumia --link aisome sehemu hiyo mapema, wala si akiwa amekwama.

Nilichokifanya kwenye seva zote zilizofuata ni kuiongezea --check kile inachokosa, kwa amri mbili. Ya kwanza ni ya kuuliza hifadhidata maeneo yake ya majedwali yako wapi: SELECT spcname, pg_tablespace_location(oid) FROM pg_tablespace. Ya pili ni find, ikipewa saraka ya data pamoja na kila njia iliyotajwa na swali hilo, ikifuatiwa na ! -user postgres -ls. Njia hizo lazima zitajwe moja moja, kwa sababu ndani ya pg_tblspc kuna viungo tu na find haivifuati yenyewe. Kikirudi kimya, umiliki uko sawa, saraka ya juu ikiwemo. Kwa saraka zilizo juu zaidi ya hapo natumia namei -l, ambayo huorodhesha kila hatua ya njia kuanzia mzizi hadi mwisho pamoja na ruhusa zake. Mara mbili imenionyesha saraka ya katikati isiyo na x, kitu ambacho ls ya mwisho wa njia haiwezi kukuambia. Kazi yote haizidi dakika tano, na inafanyika mchana, watumiaji wakiwa kazini.

Kuna "Permission denied" ambayo haitokani na umiliki wala herufi za ruhusa, na hii siilaumu zana. Kwenye mifumo yenye SELinux, kinga ya ziada ya Linux, kila faili ina lebo yake, na huduma ya PostgreSQL inaruhusiwa kugusa saraka zenye lebo ya postgresql_db_t. Ukiweka saraka mpya ya data mahali pasipo pa kawaida, lebo yake itakuwa nyingine. Kinachowachanganya watu ni kwamba pg_upgrade inaweza kupita yote salama, kwa kuwa seva inayoanzishwa kutoka kwenye terminali yako kwa kawaida haifungwi na sera ile inayoifunga huduma inayoanzishwa na systemd. Unamaliza kazi, unashukuru, unaandika systemctl start, na huduma inakataa saraka ambayo sekunde chache zilizopita ilisomeka. Hapo ls -l haina msaada. Ls -lZ ndiyo inayoonyesha lebo, ausearch -m avc inaonyesha kilichozuiwa, na dawa ni semanage fcontext ikifuatiwa na restorecon -Rv. Kuizima SELinux kwa setenforce 0 na kuiacha hivyo ni funika kombe mwanaharamu apite: seva ikiwashwa upya tatizo linarudi, na mara nyingi anayekutana nalo ni mtu mwingine. Kwenye Debian na Ubuntu nafasi hiyo inashikwa na AppArmor, ingawa huko niliwahi kuhangaika nayo kwa MySQL zaidi kuliko kwa PostgreSQL.

Upande wa kuingia ndani ya hifadhidata hausumbui sana. Zana huiwasha na kuizima kila klasta mara kadhaa kwenye poti 50432 na huunganisha kila mara, kwa hiyo pg_hba.conf, faili inayoamua nani aingie na kwa njia gani, inapaswa kumkubali mtumiaji mkuu kwa peer (kwa akaunti yake ya Linux, bila nywila), la sivyo uandae ~/.pgpass, faili ya nywila. Faili hiyo ikiwa na ruhusa pana kuliko 0600 hupuuzwa, kwa onyo ambalo ni rahisi kulikosa kati ya mistari mingine. Ukikutana na "is not the install user", maana yake klasta iliundwa na akaunti nyingine badala ya uliyoitaja kwa -U. Itafute yenye oid (namba ya ndani) 10 katika pg_roles.

Makosa ya siku inayofuata ni ya aina ile ya tatu, na kwayo ningependa zana ingesema neno. Toleo la 14 lilibadilisha njia ya kawaida ya kuhifadhi nywila kuwa scram-sha-256. pg_upgrade huhamisha nywila za zamani jinsi zilivyo, katika mfumo wa md5, lakini hainakili pg_hba.conf. Ukiacha faili mpya iliyokuja na vifurushi, yenye mistari ya scram-sha-256, watumiaji wote wa zamani wataambiwa nywila si sahihi ilhali hawajakosea hata herufi. Mstari wa md5 hukubali aina zote mbili, kwa hiyo unaweza kuuacha kwa muda huku ukibadilisha nywila moja moja. Toleo la 15 liliondoa haki ya kila mtu kuunda vitu ndani ya skima ya public. Klasta iliyopandishwa hubaki na haki zake za zamani, ila seva ya majaribio iliyoundwa upya kwa initdb itakuwa kali, na programu ile ile itapita kwenye seva ya kazi na kukwama kwenye ya majaribio, kinyume cha tulivyozoea. Toleo la 16 nalo likaibana CREATEROLE, haki ya kuunda akaunti: akaunti yenye haki hiyo haiwezi tena kubadilisha akaunti nyingine bila kuwa na ADMIN OPTION juu yake. Msimamizi wetu mmoja aliyezoea kuongeza watu kwenye makundi kwa akaunti isiyo ya mtumiaji mkuu alizuiwa asubuhi ya kwanza, na tukamrudishia haki kwa GRANT chache.

Je, kuna njia mbadala? Debian na Ubuntu zina pg_upgradecluster, inayoendeshwa na root na kushughulikia yenyewe umiliki wa saraka mpya pamoja na faili za mipangilio. Kwa aliyefuata mpangilio wa kawaida wa vifurushi, hiyo ndiyo ningemshauri aianze, akikumbuka kwamba bila -m upgrade itatumia njia ndefu ya kutoa na kuingiza data. Kwa wanaotumia kontena, ugumu uko kwenye namba za watumiaji: picha (image) rasmi ya postgres iliyojengwa juu ya Debian humpa postgres namba 999, ile ya Alpine humpa 70, na anayebadilisha picha huku akibadilisha toleo hujikuta na saraka nzima iliyo mali ya namba isiyo na jina. Huko chown -R ni halali, mradi kontena zote mbili zimesimama. Wenye MySQL wana utaratibu mwingine: tangu 8.0.16 seva hujipandisha yenyewe inapowashwa, jambo linalopunguza amri za kukumbuka, ingawa pia linakunyima nafasi ya kujaribu bila kugusa kitu.

Kwa jumla ya yote naipa pg_upgrade nne kati ya tano. Alama moja naiondoa kwa ajili ya --check kutokagua umiliki wa maeneo ya majedwali na wa faili zenyewe, kwa kuwa ni ukaguzi mdogo na hasara ya kutoufanya hutokea wakati mbaya kuliko wote. Mwongozo wake ni mzuri, ujumbe wake wa makosa kwa kawaida ni wa kweli, na kumbukumbu zake tangu toleo la 15 ziko mahali pamoja badala ya kutapakaa.

Imebaki ile script ya delete_old_cluster.sh ambayo zana hukuachia mwishoni kwa ajili ya kufuta data ya zamani. Tuliiendesha wiki mbili baadaye, tulipokuwa na hakika kwamba hatutarudi nyuma. Ilifuta PG_13_202007201 bila shida, sasa kwa kuwa saraka ya juu ilikuwa ya postgres, ikafuta kila kilichokuwemo ndani ya /data/13, kisha ikashindwa kuiondoa /data/13 yenyewe, kwa sababu /data ni mali ya root: "Permission denied". Saraka tupu tuliiondoa kwa rmdir.